kingamwili (na jinsi inavyotumika kubaini vimelea katika tishu)

kingamwili nm [i-/zi-] protini inayotengenezwa na seli za kinga ili kushikamana na kitu kigeni mahususi kilichoingia mwilini, kama vile sehemu ya kimelea, bakteria au virusi. *Mgonjwa alikuwa na kingamwili dhidi ya toksoplasma.* Umoja na wingi wake havibadiliki: *kingamwili hii*, *kingamwili hizi*.

Neno hili limeundwa kwa kuunganisha *kinga* na *mwili*, na muungano huo ndio chanzo cha mkanganyiko wa kwanza. *Kinga ya mwili*, yakiwa maneno matatu, ni uwezo wote wa mwili kujihami: seli, homa, ngozi na protini za aina nyingi. *Kingamwili*, likiwa neno moja, ni aina moja tu ya protini hizo. Anayeandika kwamba “kingamwili ya mgonjwa imeshuka” akikusudia kwamba mgonjwa amedhoofika, ametaja silaha moja akidhani ametaja jeshi. Katika baadhi ya maandishi ya kitaalamu hutumika pia *fingomwili*, kutokana na *fingo*, yaani dawa au hirizi inayofukiwa ili kulinda nyumba au shamba. Taswira yake ni nzuri kuliko ya *kingamwili*, na haigongani na *kinga ya mwili*. Hata hivyo haikuenea, na msomaji wa kawaida wa leo hulitambua neno *kingamwili* peke yake.

Kupima kingamwili na kupima kwa kingamwili

Mkanganyiko wa pili una uzito zaidi, maana unaweza kugeuza maana ya jibu la maabara. Linganisha:

*(a) Damu ilipimwa kingamwili za leishmania.*
*(b) Tishu ilipimwa kwa kingamwili za leishmania.*

Katika (a) kingamwili ndizo zinazotafutwa. Zikipatikana, maana yake ni kwamba mwili wa mgonjwa uliwahi kukutana na kimelea. Huenda ni wiki iliyopita, huenda ni miaka ishirini iliyopita. Kingamwili za toksoplasma, kwa mfano, huweza kubaki katika damu maisha yote bila mtu kuugua. Katika (b) kingamwili ni chombo. Hazikutengenezwa na mgonjwa. Zimeletwa kutoka nje, aghalabu zikiwa zimetengenezwa katika sungura au panya, nazo hutumwa kumtafuta kimelea mwenyewe ndani ya kipande cha nyama. Zikishika, kimelea, au walau mabaki yake, yamo mahali hapo.

Tofauti yote hiyo imebebwa na kihusishi *kwa* cha ala, kilekile cha *kata kwa kisu*. Kukiacha si kosa dogo la mtindo. Mgonjwa mwenye Virusi vya Ukimwi aliyedhoofika sana anaweza kuwa na vimelea vingi katika uboho na bado damu yake isioneshe kingamwili za kutosha, kwa sababu mwili umeshindwa kuzitengeneza. Kwake kipimo cha (a) huweza kuwa hasi na cha (b) chanya katika wiki ileile. Ripoti isiyotenganisha viwili hivi humwacha daktari akisoma majibu yanayopingana, ilhali hayapingani.

Kutia rangi

Mbinu ya (b) huitwa *imunohistokemia*, au kwa maelezo mapana zaidi *utiaji rangi wa tishu kwa kingamwili*. Kitenzi kinachofaa ni *tia*. *Kupaka rangi* ni kazi ya juu ya uso, kama ukuta au kucha, ilhali rangi ya maabara hupenya na kushikana na kilicho ndani. Tafsiri zinazotumia *doa* na *madoa* ziepukwe kabisa. Doa ni uchafu au alama isiyotakiwa, na katika ripoti ya ngozi *doa* tayari lina kazi nyingine.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1941 Albert Coons na wenzake huko Harvard waliunganisha kingamwili na kemikali inayong'aa chini ya mwanga wa urujuanimno, wakaweza kuona mahali ilipokwenda. Mwaka 1966 Nakane na Pierce walitumia kimeng'enya badala ya mng'ao, na hivyo hadubini ya kawaida ikatosha. Njia inayotumika zaidi leo inatokana na hii ya pili. Kinyama kilichokatwa huhifadhiwa katika formalini, huzamishwa katika nta ya parafini, kisha hukatwa vipande vyembamba vya mikromita 3 hadi 5 na kubandikwa kwenye kioo. Kwa kuwa formalini hufungamanisha protini na kuficha sehemu zinazotafutwa, vipande huchemshwa katika kimiminika maalumu ili sehemu hizo zifunuke tena. Ufumbuzi huu wa joto ulitangazwa mwaka 1991, na ndio uliozifungulia maabara hazina ya vinyama vilivyokuwa vimehifadhiwa katika nta kwa miaka mingi. Hapo ndipo kingamwili hutiwa. Ya kwanza humshika kimelea. Ya pili, iliyobeba kimeng'enya, huishika ya kwanza. Kimeng'enya hugeuza kemikali isiyo na rangi kuwa kahawia, na mwishoni hematoksilini, rangi itokanayo na mti wa Amerika ya Kati, hutiwa ili viini vya seli vionekane vya buluu.

Semi *kingamwili ya kwanza* na *kingamwili ya pili* zinatosha. *Kingamwili ya msingi*, inayoonekana katika baadhi ya tafsiri, hupotosha: *msingi* huleta maana ya umuhimu au chanzo, lakini hapa linalotajwa ni zamu tu. Vilevile kipande chenye vimelea vinavyojulikana, kinachotiwa rangi sambamba ili kuthibitisha kwamba kazi imekwenda sawa, kiitwe *kilinganishi*. *Udhibiti* ni kuzuia au kusimamia, na kipande hicho hakizuii chochote.

Tahadhari nyingine ni ya macho zaidi kuliko ya lugha, ingawa lugha huiathiri. Neno *kahawia* peke yake halitoshi katika ripoti ya ngozi. Melanini ya ngozi nyeusi ni ya kahawia. Chembe za rangi zinazoachwa na vimelea vya malaria katika kondo la nyuma ni za kahawia. Hata formalini iliyochacha huacha punje za rangi hiyohiyo. Ndiyo maana maabara nyingi huchagua kimeng'enya kinachotoa rangi nyekundu wanapochunguza ngozi yenye melanini nyingi. Mwandishi wa ripoti aseme *rangi nyekundu ya kingamwili* au *rangi ya kahawia ya kingamwili*, ili msomaji ajue rangi imetoka wapi.

Kimelea au kuvu?

*Kimelea* (wingi *vimelea*) limetokana na *melea*, yaani kumea juu ya kitu kingine. Katika matangazo ya afya, hasa Tanzania, neno hili limepanuka hata likahusisha kila kisababishi cha maradhi: hutajwa *vimelea vya kipindupindu*, ingawa kipindupindu huletwa na bakteria. Upana huo hauna madhara redioni. Katika ripoti ya tishu una madhara.

Mfano mzuri ni leishmania, kimelea cha kala-azar, ugonjwa unaojulikana Baringo, Pokot Magharibi na Turkana nchini Kenya. Jamaa yake mwingine husababisha vidonda sugu vya ngozi katika nyanda za juu za Ethiopia na kwenye Mlima Elgon. Ndani ya tishu leishmania huwa na umbo la duara au yai, mikromita 2 hadi 4, wakiwa wamesongamana katika seli mlaji. Kuvu aitwaye *Histoplasma capsulatum* ana ukubwa uleule na hukaa katika seli zilezile. Jicho lenye uzoefu hutafuta kijiti kidogo kando ya kiini cha leishmania, yaani kinetoplasti, lakini katika kipande cha nta mara nyingi hakionekani vizuri. Kingamwili dhidi ya leishmania husaidia kuamua, na uamuzi huo una matokeo: stibogluconati ya sodiamu pamoja na paromomisini, tiba inayotumika dhidi ya kala-azar Afrika Mashariki, haimwondoi kuvu. Ripoti ikiandika “vimelea vimeonekana” kwa maana ile pana ya redioni, haijamwambia daktari jambo analohitaji kulijua. Iandikwe *vimelea vya leishmania* au *kuvu*, kwa jina.

Hata kwa jina, kingamwili huweza kumshika jamaa wa karibu. Zile za leishmania, kwa mfano, huweza kumshika *Trypanosoma cruzi*, ambaye huko Amerika ya Kusini huishi katika misuli ya moyo akiwa na umbo linalofanana naye. Hali hii huitwa *mwitikio mtambuka*, kwa kufuata matumizi yaliyokwisha zoeleka ya *masuala mtambuka*.

Kuhusu upatanisho, *vimelea vinaishi* na *vimelea wanaishi* yote husikika. Kwa kuwa jina hili hutaja pia mimea inayomea juu ya mingine, upatanisho wa KI-VI ndio unaopendekezwa katika maandishi rasmi. Kimelea kikitajwa kwa jina lake, kama katika mifano ya hapo juu, upatanisho wa viumbe hai nao hukubalika.

Chanya, hasi na havikuonekana

*Chanya* katika Kiswahili cha magazeti ni jambo jema: mtazamo chanya, mabadiliko chanya. Mgonjwa anayeambiwa matokeo yake ni *chanya* anaweza kufurahi kabla hajaelewa. Ripoti inayokwenda mikononi mwa mgonjwa itumie kitenzi: *vimelea vimeonekana*, *vimelea havikuonekana*.

*Havikuonekana* na *havipo* nayo si mamoja. Kidonda cha leishmania kilichodumu miezi mingi huwa na vimelea vichache, na kipande cha mikromita 4 ni sehemu ndogo mno ya kidonda. Kingamwili inaweza kufanya kazi yake barabara juu ya kilinganishi na isipate cha kushika kwenye kipande cha mgonjwa, ilhali vimelea vimo milimita 2 pembeni. Kwa hiyo umbo linalokubalika ni *havikuonekana katika sampuli hii*, na maneno matatu ya mwisho yasifutwe kwa ajili ya ufupi. *Havipo* litumike tu pale mwandishi anapozungumzia alichokiona kwenye kioo, si mwili wa mtu: *katika vipande vitatu vilivyotiwa rangi, vimelea havipo*.