Tembo, Mgema na Shahidi: Adabu ya Kuleta Kinywaji Kikaoni miongoni mwa Wagiriama wa Kaloleni

Ikisiri

Makala hii inachunguza historia ya adabu ya kuleta tembo la mnazi mbele ya kikao cha wazee miongoni mwa Wagiriama wa Kaloleni, katika pwani ya Kenya, hususan katika karne ya 20. Hoja kuu ni kwamba ukarimu wa mleta tembo haukuwa ziada ya moyo mwema tu, bali ulikuwa utaratibu wa kuzalisha ushahidi: waliokunywa pamoja walifungwa na walichokishuhudia. Kwa kuzingatia kazi ya David Parkin ya mwaka 1972, pamoja na methali na msamiati wa Kiswahili, makala inaonesha jinsi utaratibu huo ulivyotikiswa na biashara ya mbata, na jinsi wenye mali walivyopata njia ya kuleta tembo bila kulinywa. Inahitimisha kwa kupendekeza kuwa methali ya mgema isomwe upya kwa jicho la wanywaji.

1.0 Utangulizi

Methali isemayo "Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji" hufundishwa shuleni kama onyo dhidi ya majivuno. Mwanafunzi huelezwa kwamba mtu akisifiwa kupita kiasi huharibu kazi yake. Maelezo hayo ni sahihi, lakini yanawasahau wahusika wengine muhimu katika methali hiyo, yaani wale wanaolinywa tembo. Maji hayamdhuru mgema. Yanawadhuru waliokusanyika kwa imani kwamba kilichomo kibuyuni ndicho kilichotajwa. Ikisomwa kutoka upande wao, methali hii inahusu uaminifu wa kinywaji kinacholetwa mbele ya watu wengi zaidi ya inavyohusu tabia ya fundi mmoja.

Usomaji huo unahitaji historia. Kiswahili kimekuzwa kwa kiasi kikubwa na jamii za Kiislamu za mwambao, ambazo dini yao inakataza ulevi. Hata hivyo, kina msamiati mpana wa ugemaji: mgema, kugema, tembo, karara. Jirani na miji ya mwambao waliishi Wamijikenda, wakiwamo Wagiriama, ambao kwao tembo la mnazi lilikuwa sehemu ya ndoa, mazishi, matambiko na mashauri. Ujirani huo wa lugha ulionwa mapema na wamisionari. Mwaka 1891, W. E. Taylor alichapisha mkusanyo wa methali za Waswahili na, mwaka huohuo, msamiati wa Kigiriama. Kwa hiyo, si ajabu kwamba methali ya Kiswahili inaweza kufafanuliwa kwa desturi za bara la karibu.

2.0 Karara Moja, Njia Mbili

Adabu ya tembo haieleweki bila kueleza kwanza tabia ya kinywaji chenyewe. Mgema hukwea mnazi, hufunga karara ambayo haijafunguka, hukata ncha yake na kuning'iniza chombo cha kukingia utomvu. Hurudi kila siku, asubuhi na jioni, kukata tena na kukusanya. Utomvu ukiwa mbichi ni mtamu, lakini huanza kuchacha papo hapo. Baada ya saa chache huwa kileo, na baada ya siku moja au mbili hugeuka kuwa siki. Tembo, kwa hiyo, haliwekeki ghalani. Mwenye minazi kumi inayogemwa hawezi kulilimbikiza akisubiri bei ipande. Ama alinywe na wenzake, ama aliuze siku hiyohiyo, ama alimwage.

Mbata ni kinyume chake. Nazi iliyokaushwa hudumu, husafirishwa na huuzwa sokoni kwa fedha. Lakini karara iliyogemwa haizai nazi. Kila mwenye shamba alilazimika kuchagua, mnazi kwa mnazi, kati ya kinywaji cha majirani leo na fedha za kesho. Uamuzi wa kilimo ulikuwa pia uamuzi wa kijamii, na majirani waliweza kuusoma kwa kutazama juu ya mti: minazi ya nani ina vyombo vya mgema na ya nani imejaa nazi. Katika mazingira hayo, ukarimu na ubahili vilionekana kwa macho kabla ya kutamkwa.

3.0 Adabu ya Kuleta

Miongoni mwa Wamijikenda, kupeleka jambo kwa wazee kuliambatana na kadzama, yaani tembo linalotangulia shauri. Mtu hakufika mikono mitupu na kuanza kusimulia malalamiko yake. Kinywaji kilifungua kikao, na kukubaliwa kwake kulikuwa dalili kwamba wazee wamekubali kusikiliza. Katika posa pia, tembo lilikuwa sehemu ya kile ambacho upande wa mume ulidaiwa, likihesabiwa kando na mali nyingine za mahari.

Tembo likishafika, lilikuwa na taratibu zake. Kiasi kidogo kilimwagwa chini kwa ajili ya koma, yaani wahenga waliotangulia, ambao nao walihesabiwa kuwa wamehudhuria. Aliyelileta au aliyekaribisha wageni alionja kwanza. Kitendo hicho kilikuwa tamko lisilo na maneno, kwamba tembo hili halina sumu wala uchawi, wala halikutiwa maji. Kisha lilikwenda kwa wazee kwa kufuata umri na heshima, likinyweka kwa kata au kwa mrija wenye kichujio cha kuzuia makapi.

Katika taratibu hizo, neno "kuonja" lina uzito ambao matumizi ya kawaida huuficha. Anayeonja jikoni hupima ladha. Anayeonja kikaoni huweka mwili wake dhamana. Hapo ndipo maji ya mgema yanapopata maana yake ya kijamii. Aliyelitia tembo maji kisha akalionja mbele ya wenzake kama kwamba ni zima, ametoa ushahidi wa uongo hata kabla shauri halijaanza.

4.0 Tembo na Ushahidi

Parkin alifanya utafiti wake Kaloleni katika miaka ya 1960, na kazi yake ya mwaka 1972, ambayo jina lake linataja minazi, tembo na mashahidi kwa pamoja, imeonesha jinsi mambo hayo matatu yalivyofungamana. Thamani ya mbata ilikuwa imewafanya watu wenye uwezo kununua minazi na ardhi za majirani. Mikataba hiyo haikuwa rahisi. Mtu aliweza kuuza minazi bila kuuza ardhi iliyoiotesha, au kuweka minazi rehani akikusudia kuikomboa. Miaka ilipopita, na hasa mmoja wa wahusika alipofariki, watoto waliulizana: je, baba aliuza au aliweka rehani? Alitoa miti tu, au ardhi pia?

Jibu lilikuwa vichwani mwa wazee waliokuwapo. Bila wao, mnunuzi hakuwa na hoja madhubuti ya kuwasilisha mbele ya baraza. Tembo lililonywewa siku ya makubaliano lilifanya kazi ambayo kwingineko hufanywa na hati na mhuri. Liliwakusanya watu mahali pamoja, likawapa sababu ya kuikumbuka siku hiyo, na likawafunga kwa wajibu. Mzee aliyekunywa hakuweza kudai baadaye kwamba hakuwapo.

Hapa panazuka swali linalostahili kujibiwa: je, tembo hilo halikuwa hongo? Lugha yenyewe inasaidia kutofautisha. Katika Kiswahili cha Afrika Mashariki cha leo, hongo mara nyingi huitwa "chai". Kwa juu juu, chai hiyo na tembo la wazee vinafanana, kwani vyote ni vinywaji anavyopewa mwenye kauli. Lakini chai hutolewa kwa mmoja, kwa siri, ili afumbe macho. Tembo lilitolewa kwa wengi, hadharani, mbele ya pande zote mbili, ili wafumbue macho. Chai hununua ukimya. Tembo lilinunua kumbukumbu. Ndiyo maana wingi wa wanywaji ulikuwa na faida kwa mleta tembo. Aliyeleta kidogo kwa kubana matumizi alipunguza mashahidi wake mwenyewe.

Haina maana kwamba utaratibu huu ulikuwa wa haki kwa wote. Mtu maskini asiyekuwa na minazi ya kugema wala fedha za kununua tembo alipata shida kukusanya mashahidi. Aidha, aliyekuwa na uwezo wa kukaribisha mara kwa mara alijijengea kundi la wazee waliomfahamu vyema kuliko mpinzani wake. Ukarimu wa hadharani ulizuia siri, lakini haukuondoa tofauti ya uwezo.

5.0 Mwenye Mali Asiyekunywa

Kadiri baadhi ya watu walivyotajirika kwa mbata, kikao cha tembo kiliwawia kigumu. Kwa upande mmoja, kilikula mali: mazishi, posa na mashauri vilimtaka mwenye nacho atoe zaidi ya wengine. Kwa upande mwingine, kilitisha. Mtu aliyenunua minazi ya majirani zake alikuwa na sababu ya kuhofia husuda yao, na kibuyu cha pamoja ndicho kilichodhaniwa kuwa njia nyepesi ya kupitishia sumu. Lakini kukataa kinywaji cha mwenzako ni tusi, kwani ni kumwambia mbele ya watu kwamba unamshuku.

Parkin anaeleza njia iliyopatikana. Baadhi ya wenye mali waliugua, na waganga wakabaini kwamba wamepagawa na pepo wa Kiislamu. Pepo hao walidai mtu wao aufuate Uislamu, aache tembo na asile nyama isiyochinjwa kwa taratibu za dini. Mgonjwa alitii na kupata nafuu. Kuanzia hapo hakunywa, na hakuna aliyeweza kuona kutokunywa kwake kuwa ni dharau, kwa sababu halikuwa chaguo lake bali sharti la pepo. Ingekuwa kosa kuyaona haya kama hila tupu. Maradhi na hofu vilikuwa vya kweli kwa walioviishi. Kilicho muhimu kwa mjadala huu ni kwamba jamii ilihitaji sababu nzito kiasi hicho ili kumruhusu mtu ajiweke kando ya kibuyu.

Hata hivyo, mtu huyo hakuepuka kuleta. Ardhi aliyoinunua bado ilihitaji mashahidi, na mashahidi walikuwa wazee wanywaji. Kwa hiyo aliendelea kugharimia tembo ambalo yeye hakuligusa. Adabu ya zamani iligawanyika vipande viwili. Kuleta kulibaki, lakini kuonja kuliondoka. Mleta tembo hakuweka tena mwili wake dhamana. Aliweka fedha zake tu. Tofauti hiyo inaweza kuonekana ndogo, lakini ndiyo inayotenganisha mwenzi wa kikao na mfadhili wake.

6.0 Kilichobaki katika Lugha

Mabadiliko yaliyofuata yameacha alama katika msamiati. Tembo lililodaiwa katika mahari sasa hulipwa pia kwa fedha taslimu, hivyo jina la kinywaji limebaki kuwa jina la malipo. Unywaji wa kila siku umehamia mangweni, ambako tembo hupimwa na kuuzwa kwa yeyote mwenye fedha, na sheria ya vileo ya mwaka 2010 nchini Kenya imeiweka biashara hiyo chini ya leseni. Katika mabaa ya mijini, neno "ofa" limeshika nafasi ya ukarimu wa hadharani. Mtoa ofa husifiwa kwa wingi wa chupa alizonunua. Hatarajiwi kuonja, kwa kuwa chupa imefungwa kiwandani na uaminifu wake umedhaminiwa na kizibo. Wala wanywaji wa ofa hawashuhudii lolote zaidi ya ofa yenyewe.

Kwa mtazamo huu, maelezo ya kishule ya methali ya mgema yanaeleweka kihistoria. Pale ambapo kinywaji hakimfungi tena mtu kwa ushahidi, maji kibuyuni huwa kasoro ya biashara tu, na lawama humrudia mgema peke yake pamoja na majivuno yake.

7.0 Hitimisho

Makala imeonesha kwamba adabu ya kuleta tembo kikaoni ilijengwa juu ya mambo matatu: kinywaji kisichowekeka, mleta aliyeonja kwanza, na wanywaji waliogeuka mashahidi. Biashara ya mbata ilitikisa jambo la kwanza kwa kuupa mnazi matumizi mengine, na ikadhoofisha la pili kwa kuzaa wenye mali waliogharimia bila kunywa. La tatu liliwashurutisha hata wao kuendelea kuleta. Kwa wataalamu wa fasihi simulizi, funzo ni kwamba methali zinazotaja kazi za mikono zisifasiriwe kwa kumtazama fundi pekee. Waliosubiri chini ya mnazi nao wana sehemu katika maana. Ni wao waliomsifu mgema, na ni wao ambao, tembo likiwa na maji, wangeombwa siku moja kusimama barazani na kusema walichokionja.