Ujira wa Fundi na Njia za Kuupokea: Kutoka Arubuni hadi Lipa Namba

Neno fundi ni la asili ya Kibantu, ndugu yao funda na fundisha. Lakini maneno tunayoyatumia kwa ujira wa huyo fundi karibu yote yamekuja kwa bahari. Pesa, rupia na hundi zimetoka Bara Hindi. Arubuni, hawala, wakala na muamala zimetoka kwa Waarabu. Reale ni ya Wareno. Hela wametuachia Wadachi. Shilingi, risiti na namba ni za Waingereza. Mtu aweza kudhani kwamba hili ni jambo la kamusi tu. Mimi naliona kuwa ni jambo la historia pia, kwani kila njia ya kulipana iliyofika katika nchi zetu iliundwa kwa ajili ya mtu fulani, na mara chache sana mtu huyo alikuwa fundi ajitegemeaye: seremala, mwashi, mshona viatu, fundi wa mabati au wa nyaya za umeme. Yeye imempasa kuchagua katika nguo zilizokatwa kwa kipimo cha wengine.

Kwanza yafaa tueleze kipimo chake mwenyewe. Mwenye duka hupokea malipo mara moja, na bidhaa huondoka papo hapo. Fundi sivyo. Malipo yake huja kwa mafungu: fungu la kwanza kabla ya kazi, ili anunue mbao au saruji, fungu la kati, kazi ikifika madirishani, na lile la mwisho, ambalo ndilo lenye ugomvi. Tena katika kila fungu fedha mbili zimechanganyika, fedha ya vifaa na fedha ya mikono yake. Fungu la kwanza ndilo arubuni. Neno hili lina umri mkubwa kuliko Kiswahili chenyewe: kabla ya kufika kwetu kwa kinywa cha Waarabu lilikuwa limekwisha kuingia katika Kiyunani na Kirumi kutoka lugha za Kisemiti, na maana yake haikubadilika sana. Ni fedha inayofunga maneno. Mteja akiisha kutoa arubuni, yeye na fundi wamefungwa wote wawili, na anayejitoa ndiye apataye hasara. Naomba msomaji aikumbuke sifa hiyo, maana tutairudia.

Habari ya sarafu yenyewe twaweza kuipitia upesi. Katika karne ya 19 pwani yetu ilitumia reale ya Maria Theresa, yenye tarehe ya 1780 hata ikiwa imepigwa miaka mingi baadaye; kisha rupia ya Hindi ikaishinda. Sultani Barghash alipiga pesa za shaba Unguja mwaka wa 1882. Wadachi walikuwa na rupia yao ya pesa 64, na mwaka wa 1904 wakaamuru igawanywe kwa heller 100, ndipo tukapata hela. Mwaka wa 1921 ikaja shilingi. Katika mageuzi hayo yote njia ya kumlipa fundi ilibaki ile ile: mkono kwa mkono, yaani taslimu. Faida ya taslimu ni kwamba haina ada, na ikiisha kutolewa hairudi. Ubaya wake ni kwamba haina shahidi, nayo hulala nyumba moja na mpokeaji. Na fedha ya mbao ikilala nyumba moja na njaa ya watoto, kesho mbao hazinunuliwi.

Palikuwa na njia nyingine, lakini hazikuwa zake. Hundi ilikuwa karatasi ya wafanyabiashara wa Kihindi, ambao waliweza kulipana kati ya Unguja na Bandari za Gujarati bila kusafirisha fedha yenyewe. Ilitegemea majina yanayojulikana pande zote mbili za bahari, na jina la fundi lilijulikana mtaani tu. Hawala katika fiqhi ni kuhamisha deni kutoka dhima ya mtu mmoja kwenda dhima ya mwingine. Baadaye posta ikalichukua neno hilo kwa fedha zinazotumwa kwa karatasi. Hiyo ilimfaa mtu wa mjini aliyetaka kumpelekea mama yake fedha ya shamba, kuliko mtu anayedai malipo ya kabati.

Mwezi wa Machi mwaka wa 2007 kampuni ya Safaricom ilianzisha M-Pesa katika Kenya, na mwaka uliofuata Vodacom ikaianzisha katika Tanzania. Majaribio ya kwanza, mwaka wa 2005, yalikuwa ya kurejesha mikopo midogo. Lakini huduma ilipofunguliwa kwa watu wote, tangazo lake liliwahimiza watume fedha nyumbani. Basi ilikuwa hawala ya posta iliyoingia ndani ya simu. Mtumaji hulipa ada ya kutuma, na mpokeaji hulipa ada ya kutoa fedha kwa wakala. Kati ya mwana na mama yake mgawanyo huo hauna neno. Kati ya fundi na mteja una neno kubwa, kwa kuwa ada ya kutoa humega ujira uliokwisha kupatanwa. Ndipo ukazaliwa usemi unaosikika pande zote mbili za mpaka: “tuma na ya kutolea.” Wanalugha wautazame vizuri. Nomino imetoweka kabisa, kimebaki kihusishi -a peke yake kikiwa na upatanisho wake. Na kauli ya kutendea katika tolea inaonyesha chombo, yaani fedha ambayo kwayo fedha nyingine hutolewa. Katika maneno manne fundi amehamisha ada kutoka bega lake hadi bega la mteja. Bei sasa hupatanwa mara mbili, kwanza ujira, kisha ya kutolea, na asiyeitaja ya pili mapema huidai kwa haya au huiacha.

Mwezi wa Juni mwaka wa 2013 ikaja Kenya huduma ya Lipa na M-Pesa, ambayo mpokeaji hupewa namba maalumu, nayo kampuni hukata sehemu ndogo ya kila mia kutoka kwake. Hii ilikuwa nguo ya mwenye duka. Namba ilibandikwa ukutani, na fundi anayezunguka na mfuko wa zana hana ukuta. Wengi wa mafundi wale waitwao jua kali waliendelea kupokea kwa namba zao wenyewe, na humo wakakutana na hatari isiyokuwamo katika taslimu: mtumaji aweza kuiarifu kampuni kwamba fedha imekwenda kwa mtu asiyemkusudia, naye akaomba irudishwe. Sharti hili liliwekwa kwa wema, maana vidole hukosea. Lakini mteja mwenye hila aliweza kulipa mbele ya fundi, akachukua kiti chake, na kabla hajafika kwake akaomba fedha irudi. Hapo ndipo arubuni ilipopoteza nguvu yake ya kufunga. Kilichobaki ni fungu la kwanza lenye kamba ndefu mkononi mwa mteja.

Mwanzoni mwa miaka ya 2020 kampuni hiyo hiyo ilitoa Pochi la Biashara, iliyokusudiwa wafanyabiashara wadogo wasio na duka. (Wengine wetu tungesema pochi ya biashara, lakini jina limekwisha kuandikwa na watu wamelizoea.) Kwa maoni yangu ndiyo ya kwanza iliyokaribia kipimo cha fundi. Namba ni yake ile ile ya simu. Fedha ya kazi hukaa mbali na fedha ya nyumbani. Wala mteja hawezi kuirudisha kwa matakwa yake peke yake. Mambo hayo matatu, mahali pa fedha, mtu wa kubeba ada, na uwezo wa kuirudisha, ndiyo ningemwambia fundi ayaulize kabla ya kuchagua huduma yoyote, kuliko kuuliza kampuni ipi ina matangazo mengi.

Katika Tanzania mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Makampuni yalikuwa kadhaa yenye nguvu, na kwa miaka mingi fundi aliweka laini mbili au tatu ili asimpoteze mteja wa mtandao mwingine. Mwaka wa 2014 baadhi ya makampuni yalipatana kupokeana fedha, na Vodacom ikaingia katika mapatano hayo mwaka wa 2016. Kisha mwezi wa Julai mwaka wa 2021 serikali ikaweka tozo juu ya miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala mmoja. Malalamiko yalikuwa makubwa. Mwezi wa Septemba tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30, na baadaye ikapunguzwa tena. Kwa wakati huo wengi walirudi kwenye taslimu, nayo ya kutolea ikawa nzito kuliko faida ya kazi ndogo.

Siku hizi katika karakana nyingi huonekana kibao cha lipa namba. Sarufi yake ni ngeni, kitenzi cha amri kikiwa kimefungwa na nomino ili kufanya jina, mahali ambapo wazee wangesema namba ya kulipia. Mteja akilipa, simu hujibu: “Imethibitishwa.” Aliyethibitisha hatajwi, kwani kitenzi ni cha kutendwa, nasi twajua kuwa ni kampuni. Na muamala, ambao kwa wanazuoni ulikuwa sehemu nzima ya sheria ihusuyo mapatano ya watu kwa watu, umekuwa jina la safari moja ya fedha. Ujumbe huo una kiasi, saa, tarehe na jina la mtu. Haukusema kama fedha ile ni arubuni au ni malipo ya mwisho, wala ni ya mlango au ya dirisha, na kwa hiyo fundi mwangalifu bado huweka daftari.