Askari wa Boma na Nyumba Yake: Habari za Nchi ya Tunduma na Mbozi

Katika shule za mpakani, mwalimu afundishapo habari za vita vya 1914 hadi 1918 huulizwa swali moja: "Babu zetu walikuwa askari wa nani?" Si swali jepesi. Wanyamwanga wakaa pande zote mbili za mpaka wa Tunduma, na mpaka huo ulitokana na mapatano ya Wadachi na Waingereza ya mwaka 1890, wenyeji wasiulizwe neno. Vita vilipokuja, watu wa ukoo mmoja walijiona chini ya bendera mbili. Basi nimeona vema kueleza maisha ya mtu aliyeufanya uaskari kuwa kazi yake ya miaka yote, na hasa habari za nyumba yake. Vitabu vingi vyamwonyesha akiwa na bunduki tu. Lakini asiyeijua nyumba ya askari hawezi kufahamu kwa nini wengine waliishika bunduki ile mpaka siku ya mwisho, na wengine waliitupa njiani.

Tuanze na maneno, kwa kuwa maneno ni mashahidi wasiokufa upesi. Neno "askari" ni la Kiarabu. Lakini "ombasha", "shaushi" na "efendi", majina ya vyeo katika jeshi la Wadachi, asili yake ni Kituruki. "On" kwa Kituruki ni kumi, na "bash" ni kichwa. Basi ombasha ni mkuu wa watu kumi. Maneno ya Waturuki yalifikaje Unyiha? Mwaka 1889 Hermann von Wissmann alileta pwani yetu askari wapata 600 walioandikwa Misri, wengi wao Wasudani waliotumika zamani katika jeshi la Misri, ambalo vyeo vyake viliitwa kwa Kituruki. Akaongeza na Wazulu kutoka nchi ya Msumbiji. Mwaka 1891 jeshi hilo likawa jeshi la Serikali ya Kidachi. Wasudani wengi hawakuja peke yao. Walikuja na wake zao na watoto wao. Hivyo tangu siku ya kwanza jeshi lile lilikuwa pia mkusanyiko wa nyumba. Waingereza nao walikuwa na jeshi lao tangu mwaka 1902, ambalo watu waliliita Keya, kwa kufuata herufi tatu za jina lake, K.A.R.

Kompani iliyokuwa karibu nasi ilikuwa ya tano, iliyokaa Masoko, katika nchi ya Wanyakyusa. Desturi ya kila boma ilikuwa moja: askari hawakulala wote katika nyumba ndefu ya jeshi, bali walikuwa na kijiji chao kando ya boma. Humo kila askari alikuwa na nyumba, na mkewe, na watoto, na mtumishi mdogo aliyeitwa boi, na mara nyingi jamaa wengine waliokuja kula chini ya mkono wake. Mshahara wa askari wa kawaida ulikuwa rupia 20 hivi kwa mwezi. Msomaji alinganishe mwenyewe: kodi ya kibanda ilikuwa rupia 3 kwa mwaka, na watu wengi walihangaika kuzipata. Askari aliweza kutoa mahari pasipo deni, kuvika watoto wake nguo, na kulea yatima wa ndugu zake. Kwa jamaa zake alikuwa mti wenye kivuli.

Lakini haifai kuficha upande wa pili. Askari huyo huyo ndiye aliyetumwa vijijini kudai kodi, na asiyekuwa na rupia alichukuliwa mbuzi wake au alipelekwa kazini kwa nguvu. Katika vita vya Majimaji, tangu 1905 hadi 1907, mashamba na maghala ya kusini yalichomwa, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Aliyebeba mwenge huo jioni alirudi kwa mkewe, akampakata mwanawe. Mambo haya mawili yalikaa katika mtu mmoja. Heri ya nyumba yake ilitoka mara nyingi katika hasara ya nyumba ya mwingine.

Vita vikubwa vilipoanza mwaka 1914, jeshi la Wadachi katika nchi hii lilikuwa na askari wapata 2,500 katika kompani 14. Mpaka wetu ukawa uwanja wa vita mara moja. Ng'ambo ya Tunduma, mahali palipoitwa Fife, walikaa polisi wa Rodesia ya Kaskazini. Upande huu Wadachi walikuwa na ngome Namema na Luwiwa. Mwezi wa Mei 1916 Jenerali Northey alivuka mpaka na majeshi yake, akazizingira ngome hizo, lakini waliokuwamo walipenya usiku wakaenda zao. Walioachwa ni wenye mashamba. Wapiganapo tembo, nyasi ndizo ziumiazo. Na katika nchi hii nyasi zilikuwa uwele na mtama wa watu, na vijana wao waliotwaliwa kuwa wapagazi wa pande zote mbili.

Mwezi wa Novemba 1917 Paul von Lettow-Vorbeck alivuka mto Ruvuma kuingia Msumbiji, naye alikuwa na Wadachi karibu 300, askari wapata 1,700, na wapagazi maelfu. Nyuma yao walifuata wanawake na watoto. Wanawake hao hawakuwa mzigo tu, kama wengine walivyoandika. Ndio waliotwanga nafaka, waliotafuta kuni na maji, waliouguza majeruhi, waliobeba vyombo vya nyumba kichwani na mtoto mgongoni. Watoto wengine walizaliwa njiani, na siku ya pili mama aliamka akatembea. Mahali kikosi kilipolala, kila mke aliwasha moto wake, na palipokuwa na moto huo ndipo palipokuwa nyumbani.

Mwisho wa Septemba 1918 kikosi kilirudi upande huu wa Ruvuma, kikapita karibu na Songea, kikapanda mpaka Mbozi, palipokuwa na misheni ya Wamoravian. Tarehe 1 Novemba kilikuwa mbele ya Fife. Waingereza walikuwa wamekwisha kuchimba mahandaki, wala Lettow hakuweza kupatwaa. Akaendelea mpaka Kasama. Huko, karibu na mto Chambeshi, tarehe 13 Novemba alipata habari kwamba vita vya Ulaya vimekwisha tangu siku mbili. Tarehe 25 Novemba 1918 aliweka silaha Abercorn, mji uitwao leo Mbala. Askari waliobaki naye walikuwa 1,150 na zaidi, pamoja na wapagazi wengi, na wanawake mamia.

Kwa nini hao walibaki? Wadachi waliandika kwamba ni kwa sababu ya uaminifu kwa bwana wao na bendera yao, na neno hilo limerudiwa mara nyingi. Lakini katika mwaka 1917 na 1918 askari wengi walitoroka. Na walipopita karibu na Songea, baadhi ya Wangoni walitoka jeshini wakarudi makwao. Mimi nadhani jambo hili lataka kupimwa kwa nyumba, si kwa bendera. Yule ambaye mke na watoto walikuwa nyuma yake, kila hatua ya kwenda mbele ilimwondolea nyumba yake; basi aligeuka. Yule ambaye mke na watoto walitembea pamoja naye, hakuwa na mahali pengine pa kurudi. Tena alidai mshahara wa miezi mingi, na kuliacha jeshi kulikuwa kuliacha deni lake. Aliyekwenda na aliyekaa huenda walikuwa na moyo mmoja: kila mmoja alifuata nyumba yake.

Deni lile halikulipwa siku ile. Askari walipelekwa Tabora kushikwa kwa muda, na homa ya mafua ya mwaka ule iliua baadhi yao kabla hawajaachiliwa. Jinsi deni hilo lilivyoshika watoto wao, twaona katika habari za Mahjub bin Adam, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904. Baba yake alikuwa Msudani, askari wa Wadachi, naye mwana aliingia jeshini pamoja na baba yake angali mtoto. Mwaka 1929 alifika Ujerumani, akadai mshahara wake na wa baba yake. Akajibiwa kwamba muda wa kudai umepita. Akakaa Berlin, akijulikana kwa jina la Bayume Mohamed Husen, akafundisha Kiswahili huko. Hata hivyo utumishi wa baba na mwana haukumlinda: alikamatwa mwaka 1941, akafa katika kambi ya Sachsenhausen mwezi wa Novemba 1944.

Mwaka 1964 Serikali ya Ujerumani ya Magharibi ilikubali kuwalipa wazee waliokuwa hai. Yasimuliwa kwamba wengi wao hawakuwa na hati, basi kila mzee alipewa ufagio, akaamriwa kwa Kidachi kama mtu ashikaye bunduki. Na mwili ukakumbuka. Fedha hizo zilikuwa za askari. Mama aliyebeba chungu kutoka Ruvuma mpaka Chambeshi hakuitwa aonyeshe alivyokibeba. Wala mpagazi wa Unyiha hakuitwa. Wapagazi wa vita vile wameachiwa jina la mahali tu: Kariakoo ya Dar es Salaam na ya Nairobi, neno lililotoka katika jina la Kiingereza la kikosi chao.

Basi, walimu wenzangu, mtoto akiuliza babu yake alikuwa askari wa nani, tusikimbilie kutaja mfalme wa Uingereza wala Kaizari. Tumwulize kwanza: bibi yake alikuwa wapi siku zile? Alifuata kikosi, au alibaki Mbozi akificha nafaka shimoni? Tuyaandike majibu, kwa majina na kwa vijiji, maana wazee waliosikia habari hizi kwa wazazi wao wanapungua kila mwaka. Ndipo tutakapojua nani alimlisha askari, na chakula kile kilitoka ghala la nani.