Diski Iliyokufia Iftin

Ilianza na mlio. Tik, tik, kimya kidogo, halafu tik tena. Laptopu yangu (mwalimu wangu wa Kiswahili angesisitiza niseme kipakatalishi) ilikuwa ya mtumba, na joto la Garissa halihurumii mashine yoyote. Nikaizima, nikaiwasha. Nikaizima, nikaiwasha tena. Hapo ndipo nilipoharibu zaidi, lakini hilo nilikuja kuambiwa baadaye na fundi mmoja wa hapa Iftin. Aliiweka sikioni, akasikiliza, akasema: "Walaal, diski imekufa. Na wewe ndiye uliyeimalizia."

Ndani ya diski hiyo kulikuwa na sauti. Zaidi ya saa ishirini za wazee wa mji huu wakisimulia Novemba 1980. Wengine walikubali nirekodi bila maneno mengi. Mama mmoja, ambaye mimi humwita eeddo ingawa hatuna udugu wa karibu, alitoa sharti: nikishaandika, nifute. Hakutaka sauti yake ibaki mahali popote. Nilimwahidi. Sasa nilikuwa na mashine isiyonipa nilichotaka kuandika, na isiyoniruhusu kufuta nilichoahidi kufuta.

Kwa wasiojua: mwezi huo, baada ya maafisa wa serikali kuuawa hapa mjini, vikosi vya usalama viliuchoma mtaa wa Bulla Karatasi. Watu walikusanywa kwenye uwanja wa shule ya msingi, wakawekwa hapo siku kadhaa bila chakula wala maji. Idadi ya waliokufa inabishaniwa hadi leo. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikuja Garissa kusikiliza mashahidi mwaka 2011, na mwaka 2013 ikatoa ripoti yake. Lakini mtu akiniuliza leo orodha iko wapi, ya nani aliingia uwanja ule na nani hakutoka, sina pa kumwelekeza isipokuwa kwa wazee. Ndiyo maana nilikuwa na kinasa sauti.

Turudi kwa fundi. Diski ya laptopu ya zamani ni sahani za duara zilizopakwa utando wa sumaku, na nyingi huzunguka mara 5,400 kwa dakika. Kichwa cha kusomea huelea juu ya sahani bila kuigusa, kwa nafasi nyembamba kuliko unywele mara nyingi sana. Kikianguka, kinakwaruza. Ule mlio mara nyingi ni kichwa kinachotafuta njia na kuikosa, na kila ukiwasha tena unakipa nafasi nyingine ya kukwaruza. Ukiusikia, zima na uache. Na usiweke diski kwenye friza kama binamu yako atakavyokushauri; ukiitoa unyevu utaingia, na hapo utakuwa umeizika kabisa.

Diski ya kwanza kuuzwa, ya IBM mwaka 1956, ilikuwa na sahani 50, kila moja upana wa inchi 24, na uzito wa karibu tani moja. Ilibeba herufi milioni 5 tu, kiasi cha wimbo mmoja kwenye simu yako. Hiyo ungejua ukiiba, kila mtu ataona. Yangu iliingia mfukoni.

Fundi alinipa njia mbili. Ya kwanza, ipelekwe Nairobi, kwa watu wenye chumba kisicho na vumbi wanaoweza kubadilisha kichwa na kunakili kilichosalia. Bei ilinitoa jasho. Zaidi ya bei, kulikuwa na swali ambalo hakuliuliza yeye: nani atakaa kule akizifungua faili moja moja kuhakikisha zinacheza? Njia ya pili ilikuwa rahisi. "Niachie, nitakupa mia tano, nitatoa vipuri."

Hapo ndipo watu wengi hupotelea. Tunadhani kufuta ni kufuta. Ukibonyeza kitufe cha kufuta, kompyuta haigusi faili yenyewe. Inaondoa jina kwenye faharasa na kutangaza kwamba nafasi ile iko wazi. Maneno yanabaki palepale hadi kitu kingine kiandikwe juu yake. Mwaka 2003 watafiti wawili wa Marekani, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walichapisha matokeo ya diski 158 za mtumba walizonunua. Ni 12 tu zilizokuwa zimesafishwa ipasavyo. Katika nyingine walikuta barua, rekodi za matibabu na maelfu ya namba za kadi za benki. Kwa hiyo ukifikiria laptopu zote za mtumba zinazoshuka nchini kwetu... ngoja, hiyo ni insha nyingine.

Wakoloni walizijua tofauti hizi kabla ya kompyuta kutufikia. Mei 1961 Iain Macleod, waziri wa makoloni wa Uingereza, aliagiza kwamba serikali mpya za Afrika zisiachiwe karatasi zinazoweza kuiaibisha serikali yake, au kuwafichua watoa habari wake. Nchini Kenya faili ziligawanywa mafungu mawili. Zile zilizoruhusiwa kurithiwa ziliitwa Legacy. Zile nyeti ziliitwa Watch, zikapigwa mhuri wa herufi W, na Mwafrika hakuruhusiwa kuzishika, hata awe karani wa miaka ishirini. Za kuchomwa zilichomwa hadi zikawa majivu, na majivu yenyewe yalitakiwa kupondwapondwa. Zisizoweza kuchomwa zingetiwa kwenye makreti yenye uzito na kuzamishwa kwenye maji ya kina kirefu yasiyo na mkondo, mbali na pwani. Maagizo yalifika hadi hapa: ukitoa faili ya siri katikati ya zile zinazorithiwa, tengeneza faili bandia uiweke mahali pake, pengo lisionekane.

Nilipolisoma hilo la faili bandia nilicheka peke yangu usiku, kicheko kibaya. Ndivyo programu za kusafisha diski zinavyofanya kazi. Haziachi pengo, zinajaza sifuri, au takataka zisizo na maana, juu ya kila kilichoandikwa. Mwaka 1996 Peter Gutmann alipendekeza uandike juu mara 35, na hadi leo kuna watu wanaamini hiyo 35 kama dawa ya mganga, ingawa mwenyewe alishaeleza kwamba diski za kisasa hazihitaji hivyo. Mara moja, vizuri, kwa diski yote, inatosha.

Zile ambazo hazikuchomwa zilipandishwa ndege. Kenya iliziomba mwaka 1967, ikanyimwa. Mwaka 2011, wakati wazee wa Mau Mau walikuwa wameishtaki serikali ya Uingereza mjini London, serikali hiyo ikakiri kwamba kwenye jumba lake la Hanslope Park kulikuwa na faili zipatazo 8,800 kutoka makoloni 37. Za Kenya zilikuwa kama 1,500. Kwa miaka karibu hamsini hazikuwa kwenye orodha yoyote ambayo mwanahistoria angeweza kuomba. Jina lilitolewa kwenye faharasa, faili ikabaki kwenye rafu. Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa walalamishi 5,228. Hiyo ndiyo bei ya kubonyeza futa bila kusafisha.

Sisi wa kaskazini mashariki hatukuhitaji hata kuchomewa. Mwaka 1970 Bunge lilipitisha sheria ya kinga iliyozuia mtu kushtaki kwa yaliyotendwa na maafisa wa serikali huku kwetu, pamoja na Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu, kati ya Desemba 1963 na Desemba 1967, miaka ya vita vya Shifta. Faili inaweza kukaa ofisini hata miaka mia kama hakuna mahakama itakayoifungua.

Halafu kuna upande wa pili, na huu rika langu tunaujua kwa majina. Somalia ilipoanguka mwaka 1991, kambi za Dadaab zikafunguliwa. Ukame ulipokaza, familia nyingi za Wakenya ziliingia kambini na kujiandikisha, kwa sababu huko kulikuwa na mgao wa chakula na matibabu. Alama za vidole za watoto zikachukuliwa. Mtoto akakua, akafika miaka 18, akaenda kuomba kitambulisho, kidole kikawekwa kwenye mashine, na mashine ikasema: mkimbizi. Makadirio yanayotajwa sana ni watu 40,000. Bila kitambulisho hupati laini ya simu kwa jina lako, hupati akaunti ya benki, na kwenye kizuizi cha barabarani unashushwa kwenye basi. Shirika la Haki na Sheria la hapa Garissa limepigania jambo hili kwa miaka. Tangu Novemba 2019 Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data, na kifungu cha 40 kinampa mtu haki ya kuomba taarifa zake zisahihishwe au zifutwe. Mwambie hivyo rafiki yangu aliyepigwa vetting mara tatu.

Basi ndivyo tunavyoishi hapa. Rekodi tunazozihitaji zilifutwa na watu waliojua kufuta, na rekodi zinazotuumiza hazifutiki. Na mimi nilikuwa nimeketi kwenye kiti cha plastiki cha fundi, nikiwa na nakala pekee ya sauti ambazo mji huu unazihitaji, na ahadi ya kuziua.

Diski iliyokufa haiwezi kuandikwa juu, programu haiifikii. Kama ningekuwa nimeifunga kwa nywila tangu mwanzo, data yote ikiwa imesimbwa, ningeitupa bila wasiwasi. Sikufanya. Wala sikuwa na nakala nyingine, kwa sababu nilijiambia kwamba nakala moja ndiyo usalama. (Kwa wenye SSD: hata kuandika juu hakuaminiki, maana diski huhamisha data kimyakimya. Tumia amri ya usafishaji ya mtengenezaji, na usimbe mapema.)

Niliikataa Nairobi. Wapo watakaosema nilikosea, na siku nyingine nakubaliana nao. Fundi alifungua misumari midogo, akatoa sahani. Zilikuwa kama kioo, nikajiona humo. Za laptopu nyingi ni kioo kweli chini ya utando, kwa hiyo nyundo moja ndani ya gunia ilitosha. Hakunitoza.

Nilimpelekea eeddo vile vipande kwenye mfuko. Akavitazama kwa muda mrefu, akauliza sauti yake iko upande upi. Nikamwambia imetawanyika humo ndani mote. Nikamwambia pia ukweli mwingine, kwamba sikuwa nimemaliza kuandika na kwamba yote aliyonipa yamekwenda nayo.

Alinyamaza. Akamwita mjukuu alete chai, kisha akaniuliza kama nimekuja na daftari.