Mkono, Kifungo na Maswali Ishirini

Mkanda wa kupimia presha una kazi ya pili ambayo wagonjwa wangu wengi hawaijui. Naukunja, naufunga, naujaza hewa hadi mshale usimame kwenye 20, kisha namwambia mama aliyekaa mbele yangu, "Bana kwa nguvu zako zote, mama." Mkono mzima huurusha mshale juu sana. Mkono uliovimba kwa baridi yabisi, hasa asubuhi viungo vikiwa vimekaza, huusogeza kidogo tu, na mama huyo hukunja uso kwa maumivu.

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na kipimo hiki tumekirithi kutoka kliniki za Ulaya na Marekani za karne iliyopita. Huko walimpima mgonjwa pia muda wa kutembea futi 50, yaani mita 15 hivi, na wakamvisha pete za saizi mbalimbali kuona viungo vya vidole vimevimba kiasi gani. Lakini mtu akishatoka mlangoni, yanayomsibu nyumbani hayakuwa na namba.

Mwezi Septemba 1948, katika Mayo Clinic huko Marekani, Philip Hench na wenzake walimchoma sindano ya kotisoni mwanamke aliyekuwa hajiwezi kwa ugonjwa huu. Baada ya siku chache akawa anatembea. Dawa ikishamnyanyua mtu namna hiyo, lazima pawe na njia ya kusema amenyanyuka kiasi gani. Mwaka uliofuata Otto Steinbrocker na wenzake wa New York wakachapisha madaraja manne: la kwanza ni la anayefanya shughuli zake zote, la nne ni la aliyelala kitandani au aliye kwenye kiti cha magurudumu. Yalitumika kwa miongo mingi kwa sababu ni mepesi kukumbuka. Kasoro yake ni kwamba kati ya daraja na daraja pana nafasi kubwa mno. Mwanamke aliyeshindwa kuchana nywele mwaka jana na leo anachana amepiga hatua kubwa, lakini bado anaandikwa daraja lile lile.

Mwaka 1980 James Fries na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walitoa dodoso la maswali 20 katika mafungu manane: kuvaa, kuinuka, kula, kutembea, usafi wa mwili, kufikia vitu, kushika na shughuli za kila siku. Kila jibu hupewa alama 0 hadi 3, na anayejibu ni mgonjwa mwenyewe. Kwangu hapo ndipo historia hii inapogeuka, maana neno la mgonjwa lilipewa uzito wa kipimo.

Kuna kanuni moja ndani ya dodoso hilo ninayoipenda sana. Mtu akisaidiwa na mwingine au akitumia kifaa, fungu husika hupanda hadi 2, hata kama amejibu kwamba hana taabu. Namuuliza bibi kama anaoga mwili mzima. "Naoga vizuri tu, mwanangu." Kumbe mkwewe ndiye anayemchotea maji, anamsugua mgongo na kumfunga kanga. Bibi hadanganyi, katika nyumba zetu msaada wa namna hiyo hauhesabiwi kuwa msaada. Ni lazima uulizwe.

Waliodhani haya ni maswali ya kupitisha muda walijibiwa na Theodore Pincus na wenzake. Mwaka 1984 walichapisha habari za wagonjwa 75 waliofuatiliwa kwa miaka tisa: wengi walipoteza uwezo wa kufanya kazi, na vifo vilizidi vilivyotarajiwa. Majibu kuhusu shughuli za kila siku, pamoja na muda wa kutembea na wa kufunga vifungo, yalionyesha mapema nani yuko hatarini. Mwaka 1993 chama cha madaktari wa magonjwa ya viungo cha Marekani kikaweka uwezo wa kufanya shughuli miongoni mwa vipimo saba vya msingi vya majaribio ya dawa.

Hata hivyo maswali yale yalitungwa kwa nyumba za huko: kufungua pakiti ya maziwa, kuoga ndani ya hodhi, kufungua mlango wa gari. Wahindi waliliona hilo, na mwaka 2002 wakachapisha toleo lao lenye kuchuchumaa chooni, kukaa sakafuni na kujifunga sari.

Mimi huongeza yangu pembeni mwa karatasi: kukuna nazi, kusonga ugali, kukamua nguo, kunyanyua ndoo ya lita 20, kusujudu na kuinuka. Siyajumlishi kwenye alama, kwa sababu hayajapitia majaribio ambayo maswali ya Fries yameyapitia: kumuuliza mgonjwa yule yule mara mbili kuona kama jibu linasimama, na kulilinganisha na nguvu za mkono na idadi ya viungo vilivyovimba. Lakini nayaandika na tarehe kila anaporudi, na mama anayeniambia kwamba wiki hii amekuna nazi mbili mwenyewe amenipa habari ambayo mshale wa presha haukunipa.