Mzunguko wa chini: kwa nini injini hutulia ufukweni na kukata majini

Mafundi wa mashine za boti kuanzia Malindi hadi Kilifi wamelizoea lalamiko hili: nchi kavu inanguruma vizuri, ikitiwa majini inatetemeka, inakohoa, kisha inakata. Wavuvi huleta mashine ya nyuma ya boti, wenye biashara ya watalii huleta jetiski, ile ambayo wengine huiita pikipiki ya majini. Ugonjwa unafanana, na jina lake ndilo linalosumbua.

Kiingereza huiita hali hii idle: injini imewashwa, hakuna aliyeongeza petroli, inajizungukia tu isizime. Anayefungua kamusi hukutana kwanza na “vivu”, na uvivu si sifa ya injini iliyo kazini. Mafundi wa Tanzania wana neno lao, sailensi, na husikika wakisema gari halina sailensi. Lina utamu wake, kwa sababu fundi hupima hali hiyo kwa sikio kabla ya kushika kifaa chochote. Kwa bahati mbaya liko jirani mno na silensa ya ekzosi, na mteja anaweza kununua bomba akidhani ndilo bovu. Wenzao wa Kenya, wengi wao, huchukua Kiingereza kilivyo na kukivisha viambishi.

Mimi nashika “mzunguko wa chini”. Halidai kwamba injini imepumzika, na linamkumbusha fundi kwamba kuna kitu cha kuhesabu: mizunguko kwa dakika. Jetiski nyingi za kabureta hutakiwa kuzunguka kiasi cha mara 1,250 kwa dakika zikiwa majini. Ukiitoa nje bila kugusa skrubu, mizunguko hiyo hupanda kwa mamia. Kwa hiyo mizunguko ya chini ni miwili, wa majini na wa nchi kavu, na anayerekebisha skrubu mchangani mpaka sauti imridhishe ameshaiweka chini kuliko inavyotakiwa.

Sababu ni mzigo. Jetiski za kawaida hazina nyutro kama gari. Impela, yaani ile feni inayosukuma maji nyuma, imeungwa moja kwa moja na shafti ya injini, na injini ikiwaka nayo inazunguka. Ufukweni inakata hewa. Majini inasukuma maji. Mashine ya boti ina nyutro, ila moshi wake mwingi hutoka chini ya maji, kupitia katikati ya propela. Kwenye mzunguko wa chini moshi hauna nguvu ya kuyasukuma maji hayo, ndiyo maana mguu wa mashine una tundu dogo kwa nyuma, juu ya usawa wa maji, moshi upite hapo. Tundu likizibwa na chumvi, au boti ikipakiwa mpaka tezi ikazama, injini inakabwa na moshi wake yenyewe. Nimeona watu wakibadilisha plagi mara mbili kabla ya mtu kukumbuka kuchokonoa tundu hilo kwa waya.

Baada ya hapo ni mafuta. Msimu wa kusi bahari ikichafuka boti nyingi hukaa juu, na petroli iliyobaki ndani ya kabureta huacha utomvu. Njia ya mzunguko wa chini ndiyo nyembamba kuliko zote, basi ndiyo inayoziba kwanza, huku njia ya mwendo mkubwa ikipitisha bila shida. Hivyo mashine inayokimbia vizuri lakini inakufa ukiachia petroli, ianzie kabureta. Fungua skrubu ya chini ya bakuli lake na umwage mafuta ndani ya chupa ya soda isiyo na rangi. Iache itulie. Maji yakiwemo utayaona yamejikusanya chini kama ushanga mnene, petroli imeelea juu. Mtungi wa plastiki ulioachwa wazi mvuani unatosha kuleta balaa hilo.

Mashine ikianza kulegea, binya ile pampu ya mpira kwenye paipu ya mafuta. Ikifufuka, mafuta hayafiki: paipu imepasuka au pampu ya injini imechoka. Zile za kuchanganya oili zina ugonjwa wao pia. Kipimo cha kawaida cha moja kwa 50 ni mililita 20 za oili kwa lita moja ya petroli. Anayeongeza “kwa usalama” analowesha plagi, na plagi iliyolowa haivumilii mzunguko wa chini.

Jetiski ina mtego wa ziada. Ekzosi ikivuja ndani ya bodi, injini inavuta moshi badala ya hewa. Ukiinua kiti na sauti ikatulia, tafuta uvujaji huo. Lakini kiti kiinuliwe na mvuke wa petroli utoke kabla ya kuwasha, maana bodi iliyofungwa inaweza kulipuka. Na ukiipima nchi kavu kwa mpira wa maji, washa injini kwanza ndipo ufungulie maji. Ukimaliza, funga maji kwanza ndipo uzime. Mashine ya nyuma ya boti ni kinyume: maji hutangulia injini. Anayechanganya desturi hizi mbili huishia na maji ndani ya silinda za jetiski, au na mpira wa pampu ya maji ulioungua kwenye mashine ya boti.

Kisha irudishe majini, ifunge kamba nyuma na mbele mahali penye kina, mbali na mwani na mchanga, iache ipate moto, na hapo ndipo uguse skrubu ya mzunguko wa chini. Ikikataa bado, pima kompresheni. Silinda moja ikiwa chini ya mwenzake, skrubu haina kazi tena. Ni kufungua injini uangalie gasketi, pistoni na ringi.