Mabua Mekundu ya Morley

Njia ya mwendesha baiskeli Beryl Burton ni bora uianzie shambani, Morley, jirani na Leeds, kaskazini mwa Uingereza. Zao la huku ni rubarbu, mmea wenye mabua mekundu machachu ambayo Waingereza huyapika kwa sukari. Mwenye shamba, Nim Carline, alikuwa mwendesha baiskeli pia, bingwa wa mashindano ya saa 24, wala hakumpunguzia kibarua wake Burton kazi kwa kuwa ni mwanamke. Burton alichimba, akang'oa mashina, akabeba. Kazini alikwenda kwa baiskeli, akarudi kwa baiskeli, kisha akatoka tena kufanya mazoezi. Aliyewahi kushinda na jembe hahitaji kuelezwa mapaja yale yalipata wapi nguvu.

Na huyu ndiye madaktari waliyemkataza kazi za sulubu! Akiwa na miaka 11 aliugua homa ya baridi yabisi, akalazwa hospitali miezi 9, kisha akapelekwa Southport kujiuguza kwa zaidi ya mwaka. Baiskeli alifundishwa na Charlie Burton, aliyemuoa mwaka 1955. Mwanzoni wenzake walikuwa wakimsukuma ili asiachwe. Msimu wa tatu yeye ndiye aliyetangulia.

Ukitoka Morley ukapanda kaskazini, unaingia kwenye barabara za Septemba 17, 1967. Wiki mbili tu nyuma Burton alikuwa ametwaa ubingwa wa dunia wa barabarani huko Heerlen, Uholanzi. Sasa yalikuwa mashindano ya saa 12, kila mtu na saa yake, anayekwenda mbali zaidi ndiye mshindi. Wanaume waliruhusiwa kwanza, yeye nyuma yao. Akawapita mmoja mmoja, hadi mbele akabaki Mike McNamara, ambaye siku hiyo naye alikuwa mbioni kuvunja rekodi ya wanaume. Burton alipomfikia alitumbukiza mkono mfukoni, akatoa peremende, akampa. McNamara akaipokea, akala. Wapo wanaoiona peremende ile kuwa kejeli. Mimi naona ni ukarimu wa mtu asiyejua la kumwambia mwenziwe. McNamara alimaliza na kilomita 445, rekodi mpya ya wanaume. Burton alimaliza na 446.

Mataji yake ya dunia yalifika 7, na kwa miaka 25 mfululizo, 1959 hadi 1983, hakuna mwanamke aliyemvua ubingwa wa jumla wa Uingereza. Olimpiki hakuiona: baiskeli za wanawake ziliingizwa 1984, naye ana miaka 47.

Ukali wa mashindanoni aliuingiza hata nyumbani. Mwaka 1976 binti yake Denise alimshinda katika mbio za ubingwa wa taifa, na mama akakataa kumpa mkono mbele ya watu. Hapo simtetei. Lakini miaka 6 baadaye walipanda baiskeli moja ya watu wawili, wakaweka rekodi ya taifa.

Rekodi yake ya saa 12 ilidumu kwa wanawake hadi 2017. Mwenyewe hakuwepo kuona ikivunjwa. Alifariki Mei 1996, siku chache kabla ya kutimiza miaka 59, moyo ukimsimama akiwa juu ya baiskeli, anasambaza kadi za kualika watu kwenye sherehe yake ya kuzaliwa.